Fundi Tusiwa wa Karai la Guru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba, wanaazimana nyungo na kugombea zamu kisimani kama sisi, palikuwa na kiwanda cha sukari guru kando ya Mto Matete. Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Tembo. Nyapara wake alikuwa Bwana Nyati, mwenye shingo nene na sauti nene zaidi.

Mnalijua guru, wajukuu zangu? Lile bonge la kahawia, ukililamba tu ulimi unacheza ngoma! Sasa sikilizeni linavyopikwa. Miwa inakatwa, inamenywa, inakamuliwa kwenye kinu, na maji yake yanachemshwa katika karai kubwa mpaka yawe mazito. Yakishakuwa tayari yanamiminwa kwenye kalibu, yanaganda. Rahisi, eh? Si rahisi hata kidogo! Ukitoa mapema, guru haligandi. Ukichelewa kidogo, fuuu! Limeungua, na harufu yake inamfukuza hata nzi.

Ndiyo maana fundi wa karai alikuwa mtu mkubwa pale kiwandani. Alipewa kigoda chake, kivuli chake, na mabonge mawili ya guru kila wiki. Wanaume wengine walipewa bonge moja na nusu. Na wanawake, waliokata miwa, wakaimenya, wakaibeba, wakatafuta kuni na kuosha kalibu? Nusu bonge. Kigoda hakuna. Kivuli, labda cha mawingu.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwemo nguchiro mmoja mdogo, mwembamba, mwepesi kama cheche. Jina lake Siwatu.

Siwatu alikuwa na siri moja. Fundi wa karai wa siku hizo alikuwa Babu Ngiri, na pua ya Babu Ngiri ilikuwa imezeeka. Alikuwa hasikii tena harufu ya chochote, hata ya moshi. Basi kwa misimu mitatu Siwatu alijifanya anaosha kalibu nyuma ya kigoda cha Babu, huku anasikiliza karai. Maji ya miwa yana maneno yake, wajukuu zangu. Yakiwa mepesi yanasema chwe-chwe-chwe. Yakianza kuiva yanasema bwatu... bwatu... bwatu. Na Siwatu ananong'ona, "Sasa, Babu!" Babu anasimama, anapaza sauti, "Mimina!" Guru linatoka zuri, Babu anasifiwa, na Siwatu anaondoka na nusu bonge lake.

Hakumchukia Babu. Babu alimwita mjukuu, na mara nyingi alimmegea kipande katika mabonge yake. Lakini kila akisikia watu wakisema, "Ah, mkono wa Ngiri huo!" kitu kilimkwaruza Siwatu kifuani, kama mwiba wa samaki uliokwama.

Msimu wa nne Babu Ngiri aliaga kwenda kupumzika kwao. Siku ya kuondoka akamwambia Bwana Nyati, "Mpe Siwatu upawa. Huyu ndiye pua yangu."

Bwana Nyati alicheka, "Hoo! Hoo! Hoo!" mpaka majani ya miwa yakatikisika. "Babu naye, uzee umempanda kichwani. Mwanamke akaribie karai? Guru litachacha! Ni mwiko."

"Mwiko umewekwa na nani?" aliuliza Siwatu.

"Umewekwa zamani."

"Na nani?"

"Na... na wa zamani! Rudi shambani!"

Upawa akapewa Nyumbu, mpwa wake Nyati. Nyumbu alikuwa kijana mpole, mwenye nguvu, asiyejua lolote kuhusu guru. Karai la kwanza, fuuu! La pili, fuuu! La tatu halikuganda. Lilibaki uji mtupu, wakalifukia.

Wiki hiyohiyo Nyati alimfukuza Mama Punda.

Mama Punda ndiye aliyezungusha kinu cha miwa. Alikuwa amejifungua majuzi, na mara mbili kwa siku alisimama kidogo kumnyonyesha mwanawe. "Kinu hakisubiri maziwa," Nyati alimwambia. "Nenda kwako ukalee." Mama Punda aliondoka na mtoto wake nyuma, masikio yameinama. Siwatu alimtazama mpaka akapotea kwenye matete. Jioni ile hakuligusa nusu bonge lake.

Ndipo ikaja habari: Simba anamwoza bintiye, na anataka mabonge sitini ya guru, siku nane tu! Mzee Tembo akashika kichwa kwa mkonga. "Yallah! Nikimkosesha Simba guru la harusi, kiwanda hiki tutakiona tena? Na huyu mpishi wangu anapika makaa!"

Siwatu aliisikia sauti ile akiwa anaosha kalibu. Akajisogeza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Nina mawazo, sema upesi."

"Mzee, kuna fundi mmoja. Anaitwa Tusiwa. Mto huu mzima, juu na chini, hakuna anayemzidi kwa karai."

Mnaijua ile lugha yenu ya kinyume, mnayosemeshana wazazi wasiwaelewe? Silabi ya mwisho mnaileta mbele. Nyati anakuwa Tinya, Punda anakuwa Ndapu. Haya, mgeuzeni Siwatu. Eeh! Mmeona? Nyamazeni sasa, Bwana Nyati asisikie.

Mzee Tembo aligeuka. "Nyati, unamjua huyo Tusiwa?"

Nyati hakuwahi kulisikia jina hilo. Lakini nyapara mzima aseme hajui, mbele ya muosha kalibu? Akatoa kifua. "Tusiwa? Mzee, huyo ni rafiki yangu wa ujana! Tumelala jamvi moja. Tena, kusema kweli, mimi ndiye niliyemfundisha kushika upawa."

Siwatu aliinamisha kichwa chini, akauma mdomo asicheke. "Basi Bwana Nyapara anajua masharti yake."

"Aa... ndiyo. Yataje wewe, mimi koo linaniwasha."

"Huja usiku, na hapendi kutazamwa mpaka kazi iishe. Azungushiwe ukuta wa makuti. Apewe kila alichopewa Babu Ngiri. Na msaidizi wake lazima awe Mama Punda, na mtoto akae hapohapo kivulini."

"Mama Punda?" Nyati alishtuka.

"Ni sharti la Tusiwa. Si unamjua alivyo."

"Najua sana," alisema Nyati kwa unyonge.

Mzee Tembo akakubali. Mwenye kuzama hachagui gogo.

Siwatu alimkimbilia Mama Punda kwake, akamweleza yote. Mama Punda alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kicheko kilichomwamsha mtoto. "Hii-hoo! Hii-hoo! Shoga yangu, watatutoa ngozi!"

"Ngozi wameshatutoa, dada. Hii ni kuirudisha."

Nguchiro ni mchimbaji. Kabla ya kazi kuanza, Siwatu alikuwa ameshachimba njia chini ya ardhi, kutoka katikati ya shamba la miwa hadi ndani ya ukuta wa makuti. Akawa na kazi mbili. Shambani anakata miwa, chaka-chaka-chaka, Nyati anamwona. Nyati akigeuka tu, pururuuu! Siwatu yuko chini kwa chini, anatokea kwenye karai, anaengua povu, anasikiliza, anarudi, pururuuu! Chaka-chaka-chaka. Vumbi puani, jasho masikioni.

Na sauti ya fundi? Alikuwa na mtungi mkubwa mtupu. Akiingiza kichwa ndani na kusema, sauti ilitoka kama ya mnyama mwenye matumbo matatu.

"LETEENI MIWAAA!"

"Lo!" walisema wanaume nje ya ukuta. "Kifua hicho!"

Karai la kwanza lilitoa mabonge manane, ya kahawia inayong'aa, yananukia hadi ng'ambo ya mto. Kila mtu akawa anamjua Fundi Tusiwa.

"Ana mabega kama mlango," alisema Nyumbu.

"Mlango gani, mwanangu? Kama ukuta!" alisema Nyati.

"Ana pembe?" aliuliza Siwatu, ameketi chini anamenya muwa.

"Pembe? Hivi!" Nyati alinyoosha miguu yote miwili ya mbele, nusura aanguke.

"Mimi nilidhani ana meno ya nje," alisema Nyumbu.

"Anayo pia. Tusiwa ana vyote. Ukiona guru kama hili, jua ni mkono wa dume hasa. Mkono wa mwanamke haufanyi hivi, hata apike miaka mia."

Siwatu aliendelea kumenya. Lakini kisu chake kilikuwa kinakwenda upesi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya tatu Nyati aliona haya: rafiki yake wa jamvi moja yuko pale, na yeye hajaenda kumsalimu! Akasogea kwenye makuti. "Hodi! Tusiwa, ndugu yangu!"

Bahati Siwatu alikuwa ndani. Kichwa mtungini, upesi! "NANI HUYO?"

"Mimi Nyati!"

"NYATI YUPI?"

"Yule... yule wa zamani!"

"SIKUKUMBUKI VIZURI. HEBU NIPASULIE KUNI, NIKUKUMBUKE."

Nyati alitazama huku na huku, akashika shoka. Pa! Pa! Pa! Akapasua rundo la kwanza. "Umenikumbuka?"

"KIDOGO. SURA INAANZA KUJA."

Pa! Pa! Pa! Alipasua kuni mpaka jua likaegemea, na ndani ya ukuta Mama Punda akapata nafasi ya kukaa kitako na kumnyonyesha mwanawe mpaka akashiba. Mtoto akacheua, akalala.

"NYATI! SASA NIMEKUKUMBUKA. ASANTE, NDUGU YANGU."

Nyati akaenda zake amefurahi, akamwambia kila aliyekutana naye kwamba Tusiwa amemwita ndugu. Siwatu alimtazama kupitia upenyo wa makuti, na badala ya kucheka akamwonea huruma kidogo. Kumbe hata Bwana Nyapara alipenda kusifiwa.

Ikafika siku ya mwisho. Mabonge hamsini na mawili yalikuwa tayari. Lilibaki karai moja tu. Siwatu aliwasha moto, akaengua povu, akateremka shimoni kwenda kuonekana shambani. Alipotokea tu, alikutana na miguu minne ya Nyati.

"Siwatu! Mbona kila nikigeuka nakuona, nikigeuka tena sikuoni?"

"Mimi mdogo, Bwana Nyapara. Miwa inanimeza."

"Leo haikumezi. Nitasimama hapahapa nikutazame mpaka umalize mstari huu mzima."

Lo! Siwatu alikata miwa kama aliyepagawa, chaka-chaka-chaka, huku masikio yake yako kwenye karai. Kwa mbali aliyasikia maji: chwe-chwe-chwe. Mstari ulikuwa mrefu. Chwe... chwe... Akafika nusu. Bwatu. Jasho likamwingia machoni. Bwatu... bwatu... Ndiyo hiyo! Sasa hivi! Na Nyati hakubanduka.

"Bwana Nyapara, naomba nikanywe maji."

"Maliza mstari."

Siwatu aliona harusi ya Simba, kiwanda kilichofungwa, na Mama Punda akirudi tena njia ya matete na mtoto wake. Akafumba macho, akisubiri harufu ya kuungua.

Harufu haikuja. Kukasikika kishindo, kibwa! kama kwato zinatawanya kuni, kisha sauti nzito mtungini: "MIMINAAA!"

Alipomaliza mstari na Nyati akaondoka, Siwatu alipita shimoni bila kugusa chini. Mama Punda alikuwa amesimama juu ya kalibu nane zilizojaa, uso wote masizi.

"Dada! Umejuaje?"

"Nimesimama karibu na karai siku nane," alisema Mama Punda. "Unadhani masikio haya marefu ni pambo?"

Wakakumbatiana, wakalia kidogo, wakacheka zaidi.

Kesho yake wafanyakazi wote waliitwa uwanjani, na familia zao. Mzee Tembo alimega kipande cha guru, akakitia kinywani, akafumba macho. Alipofumbua, yalikuwa na maji. "Guru kama hili alinipikia marehemu mama," alisema. "Sikulionja tena tangu azikwe."

Akasimama wima. "Sikilizeni wote! Kuanzia leo, Tusiwa ndiye fundi wa karai la Mto Matete. Mabonge mawili, kigoda, kivuli. Nimesema, na neno la tembo likishatoka, hata mkonga hauwezi kulirudisha. Atoke tumwone!"

Makuti yakatikisika. Akatoka Siwatu, amejaa masizi, upawa mkononi umempita urefu.

"Wewe toka hapo!" Nyati alifoka. "Fundi yuko wapi?"

"Bwana Nyapara, wewe ndiye rafiki yake. Mwite."

"Tusiwa!"

"Naam," aliitika Siwatu.

"Sikuiti wewe! Tusiwaaa!"

"Naam."

Watoto wa wafanyakazi waliokaa mbele walianza kucheka kichinichini. Mmoja hakuweza kuvumilia: "Ni kinyume! Tu-si-wa, Si-wa-tu! Ni Da Siwatu!"

Uwanja ukalipuka. Wengine kicheko, wengine "Astaghafiru!" Nyumbu akakaa chini kwa mshangao.

Mzee Tembo hakucheka. Masikio yake makubwa yalisimama. "Binti, umenidanganya katika kiwanda changu mwenyewe?"

Siwatu aliushika upawa kwa nguvu. "Nimekudanganya, Mzee. Guru la misimu mitatu ya Babu Ngiri, aliyesema 'sasa' nilikuwa mimi. Muulize Babu, yu hai. Nilikuja kwa mlango, mlango ukafungwa. Sasa nami nakuuliza, na unijibu kwa ukweli: ningekuja siku ile nikasema fundi ni mimi, Siwatu, muosha kalibu, ungenipa upawa?"

 

"Nisingekupa," alisema Mzee Tembo taratibu. Masikio yakashuka. "Nisingekupa, binti yangu. Na Simba angekosa guru, nami ningekosa kuonja tena mkono wa mama. Tena mama naye alikuwa mwanamke, nami nilikula tu bila kufikiri."

"Lakini mwiko, Mzee!" Nyati alidakia. "Guru litachacha!"

"Limechacha? Onja. Na wewe, Nyati, ulisema ndiye uliyemfundisha kushika upawa. Ni kweli?"

Nyati alitazama kwato zake. Alionekana mdogo, na mnyama mwenye shingo ile kuonekana mdogo si jambo jepesi. "Si kweli, Mzee," alinong'ona. "Niliona haya kusema sijui."

"Basi neno langu limesimama. Siwatu, kigoda hicho ni chako."

Wanawake wakapiga vigelegele, lakini Siwatu hakukaa.

"Mzee, ahsante. Ila karai la mwisho halikupikwa na mimi. Lilipikwa na Mama Punda, aliyefukuzwa kwa kunyonyesha. Nikikaa mimi peke yangu, huku yeye na hawa wenzangu wamesimama juani na nusu bonge, mtakuwa mmenipa kiti tu, haki bado. Kazi sawa, bonge sawa. Na mwenye mtoto apewe kivuli na wakati."

Wanaume wengine waliguna. Nyumbu ndiye aliyesimama, mpole kama kawaida yake. "Mjomba asinikasirikie. Mimi karai sikulitaka. Napenda kukata miwa, upepo unanipiga. Na nikikata, Siwatu ananizidi mistari miwili kila siku. Sijui kwa nini bonge langu ni kubwa."

Mzee Tembo alifikiri, mkonga ukichora mchangani. Kisha akasema, "Na iwe hivyo." Siku ileile posho ikagawiwa upya: aliyekata miwa akapata bonge sawa na mkata miwa mwenzake, jike au dume. Mama Punda akapewa karai la pili, na kando yake kibanda cha makuti cha watoto.

Nyati hakufukuzwa; Siwatu mwenyewe alimwombea. Ila tangu hapo, mgeni akija kuomba kazi, Mzee Tembo alitoka mwenyewe getini, hakumwuliza ni nani wala ni mtoto wa nani. Alimwuliza, "Unajua kufanya nini? Hebu nionyeshe." Na Bwana Nyati husimama pembeni kimya, anasubiri kuona.

Hadithi yangu imeiva, naiepua kabla haijaungua, nanyi shikeni neno moja: kazi haina jike wala dume, ina anayeiweza.